C ya Marudio

Laiti ningekataa kuandika ile C. Naanza na hilo ili anayesoma asidhani nazungukazunguka. Katika miaka yote niliyokaa ofisi ya taaluma nimeandika alama za vijana wengi sana, nyingine za kujivunia, nyingine za kutia huruma, na karibu zote nalala nazo vizuri. Ile moja, hapana. Niliambiwa niiandike mwenyewe, nikajua si haki, nikaiandika.

Ninyi mnaobaki pale mliniomba niwaachie kumbukumbu za kazi. Najua mlitaka visa vya taipureta na vya wanafunzi waliojificha chooni siku ya mtihani. Ila mtanivumilia nikigomba, maana nimestaafu nikiwa nimechoka, na kilichonichosha si umri wala ngazi za jengo la utawala. Kilichonichosha ni masharti ya ufadhili wa ufaulu.

Chuo chetu kiko kwenye mwinuko kati ya Kigoma mjini na Ujiji. Kinafundisha watu wa maabara, wauguzi na watu wa famasia. Nilifika pale na cheti cha kidato cha nne, suruali ya kuazima, na viatu vilivyokula vumbi jekundu tangu nyumbani Ujiji mpaka langoni. Karani wa taaluma wakati ule alikuwa Mzee Filipo, Muha wa Mwandiga, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mwakeye," akanisalimia bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Huko Ujiji hamfundishwi Kiha? Haya. Unajua kutaipu?"

"Kidogo."

"Kidogo ya vidole vingapi?"

"Viwili, Mzee."

"Inatosha. Hapa anayetaipu mbio ndiye anayetuletea kesi."

Siku ile sikutaipu hata neno. Kazi yangu ilikuwa kumsomea alama kwa sauti, yeye akifuatisha kwa kidole. Nikasoma za mwanafunzi mmoja: sabini na tisa, themanini na mbili, kumi na nane.

"Simama," akasema. "Mtu wa themanini anapataje kumi na nane?"

"Labda hakusoma."

"Labda. Na labda mwalimu alikuwa na njaa. Nenda kamuulize."

Nikapanda juani mpaka nyumba za walimu. Mwalimu akatafuta karatasi, akakuna kichwa. Ilikuwa themanini na moja. Niliporudi na jasho langu, Mzee Filipo hakunipongeza wala nini. Alisema tu, "Endelea na anayefuata." Hiyo ndiyo semina pekee ya uadilifu niliyowahi kuielewa. Zile za baadaye, zenye soda na kalamu za bure, sikumbuki hata moja.

Zana zetu zilikuwa taipureta mbili, moja haina herufi ya R, mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono, na kikokotoo cha mwanga wa jua kilichofanya kazi dirishani tu. Wakati wa mvua wastani wa wanafunzi ulipatikana kwa kalamu na subira. Wino wa ile mashine haukutoka kwenye mikono ya shati. Mke wangu aliacha hata kujaribu.

Lakini zana kuu ya Mzee Filipo ilikuwa utepe wa taipureta. Akiletewa uamuzi anaoona umefanywa haraka, hakubishana na mtu. Alitoa utepe, akauweka kwenye droo, akasema, "Mkuu, utepe umekwisha. Nimeagiza Mwanga." Soko la Mwanga liko karibu kabisa, mtu anakwenda kwa miguu na kurudi chai haijapoa. Lakini utepe wa Mzee Filipo ulichukua siku kadhaa kufika, na ukifika ulikuwa ni ule ule. Wakati huo wakubwa walikuwa wameshatulia na karatasi zilizokosekana zimepatikana. Nilidhani ni ujanja wa mzee mvivu. Nimekuja kuuelewa nikiwa sina utepe.

Hapa nimtaje dada yangu Mwajuma. Wazazi wetu waliondoka duniani mapema, yeye akiwa mkubwa, mimi bado mtoto. Aliacha shule akaanika dagaa mwaloni Kibirizi, na kwa dagaa hao mimi nikasoma sekondari. Wiki yangu ya kwanza kazini alikuja mpaka ofisini na samaki wa kukaanga, migebuka ya ziwani kwetu, akampa Mzee Filipo.

"Mzee, huyu ni mdogo wangu. Mwangalie kwa jicho la karibu."

"Kwani mvivu?"

"Haogopi kazi. Anaogopa watu."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikasirika, nikajitia kupanga mafaili.

Miaka ikaenda, ndipo ukaja ufadhili wa ufaulu. Wafadhili walikuwa watu wema, sina ugomvi nao. Walimlipia ada na bweni mwanafunzi aliyefanya vizuri, kwa sharti kwamba kila muhula wastani wake usishuke chini ya tatu na nusu kati ya tano. Mkuu wa Chuo wa wakati huo alitangaza kwenye ukumbi, watoto wakapiga makofi. Muhula wa kwanza wote walicheka. Muhula wa pili foleni ilikuwa dirishani kwangu.

Hamjui kuchoka mpaka mmesimama mbele ya binti wa tatu nukta nne tisa. Analia, na wewe unatazama kile kipande kidogo kilichobaki, ambacho mwalimu mmoja angeweza kukitoa kwa kuandika "vizuri" mahali alipoandika "sawa". Nilimuuliza Mkuu kwa nini tatu na nusu.

"Ni kiwango, Mzee Hamisi."

"Najua ni kiwango. Nauliza kwa nini kiwe hicho."

"Kiwango ni kiwango."

Nikarudi kwenye kiti changu nikiwa nimeelimika.

Kulikuwa na sharti jingine ambalo lazima mlielewe, kwa sababu habari hii inasimama juu yake. Aliyefeli somo hufanya mtihani wa marudio, ule mnaouita supu, na hata akipata alama zote, anaandikiwa C. Hilo lina akili yake: aliyefaulu mara ya kwanza asizidiwe na aliyefaulu mara ya pili. Lakini aliyekosa mtihani kwa ruhusa hufanya mtihani maalumu, na huyo anapewa alama yake kamili. Sasa sikilizeni: ule wa marudio na ule maalumu hufanyika siku moja, chumba kimoja, karatasi ile ile. Kinachowatofautisha ni ruhusa ya maandishi iliyotolewa kabla ya mtihani. Kabla. Kana kwamba homa hupiga hodi ofisini kwanza.

Kesi ngumu ya mwanzo ilikuwa ya kijana wa Simbo aitwaye Yohana. Wastani wake ulipungua kidogo tu, Mkuu akaamuru barua ya kumfutia ufadhili iandikwe siku hiyo hiyo. Mzee Filipo akatoa utepe. "Umekwisha, Mkuu." Siku ya tatu mwalimu wa vitendo akarudi kutoka safari ya kikazi, akiwa na alama za maabara ambazo hakuna aliyekumbuka kwamba hazijaingizwa. Yohana akavuka. Mkuu akasema, "Bahati yake." Mzee Filipo akapachika utepe wake, akataipu mambo mengine.

Alipostaafu, meza yake ikawa yangu. Taipureta ikapelekwa stoo, ikaja kompyuta. Niliogopa kompyuta mwezi mzima, kisha nikaipenda, maana haihitaji jua. Kwa alama za marudio kuna kisanduku kimoja cha kuchagua. Ukichagua "mtihani maalumu", alama inakaa ilivyo. Ukichagua "marudio", yenyewe inaigeuza kuwa C kabla hujaondoa kidole. Hakuna utepe wa kutoa.

Ndipo Zubeda akaingia chuoni, mtoto wa pekee wa dada Mwajuma. Alichukua maabara. Sikumsaidia kuingia wala kupata ufadhili. Aliupata mwenyewe na kuushika mihula yote iliyofuata bila kunipitia. Akija dirishani alisema, "Shikamoo mjomba," akachukua alichokuja kuchukua, akaondoka. Mama yake aliacha kuwaambia watu kwamba anauza dagaa. Alisema ana mtoto wa darubini.

Mwaka wake wa pili, mtihani wa mwisho wa muhula ukiwa wa somo la damu, dada akalazwa kwa kichomi. Wodini kwetu mnajua, mgonjwa bila ndugu wa kumlisha na kumgeuza ni mgonjwa nusu. Zubeda alikaa naye. Asubuhi ya mtihani nilipitia hospitali kabla ya kazi, nikamkuta binti amesimama na daftari mkononi, mama yake akihema kwa shida.

"Mjomba, mtihani ni saa tatu. Shangazi wa kunipokea hajatoka Mwandiga."

"Wewe kaa na mama yako."

"Na ruhusa?"

"Niachie mimi. Mimi ndiye ofisi."

Nilisema hivyo. Mimi ndiye ofisi. Nikiyakumbuka maneno yale natamani kujizaba kofi.

Nilifika chuoni, mashine ya kudurufu ikala karatasi za mtihani wa wauguzi. Nikaifungua, nikaitoa vipande, nikaifunga, ikala tena. Watahiniwa wamejaa mlangoni, wasimamizi wananiita kila mmoja kwa sauti yake. Nilipomkumbuka Zubeda, wenzake walikuwa wanatoka chumbani wakibishana majibu. Nikaiandika ruhusa alasiri ile, na juu yake nikaandika saa ya kweli niliyoitoa. Kusahau kule naweza kujisamehe. Binadamu husahau. Kilichofuata ndicho nisichojisamehe.

Zubeda alifanya mtihani wake siku ya marudio, akapata A. Kamati ya ufadhili ikakaa. Mkuu wa Chuo alikuwa mpya, mtu wa kutoka mbali, msafi wa nguo na wa maneno. Mimi nilikuwa katibu. Mtu mwingine mnayehitaji kumjua ni Madam Yusta, mwalimu wa somo la damu.

"Ruhusa hii imetolewa baada ya mtihani," Mkuu akasema. "Kwa hiyo ni marudio. C."

Madam Yusta akaweka kalamu chini. "Mkuu, binti hakufeli. Hakuwepo. Mama yake alikuwa wodini."

"Angeomba mapema."

"Labda aliomba. Tumemuuliza aliomba kwa nani?"

Mimi nilikuwa nimeinama naandika, nikawa naandika neno lile lile juu ya neno lile lile.

"Katibu," Mkuu akasema, "huyu si ndugu yako?"

"Ni mtoto wa dada yangu."

"Basi tuambie."

Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu. Sentensi moja: aliomba kwangu, nikachelewa mimi. Lakini nilikwisha kuyasikia maneno ya korido, kwamba Mzee Hamisi anambeba mpwa wake, kwamba ufadhili umekuwa wa ukoo. Nikawaogopa watu.

"Mkuu, kwa kuwa ni ndugu yangu, nisingependa kusema lolote."

Mkuu akawageukia wengine. "Mnaona? Huo ndio uadilifu."

Madam Yusta hakuwa na haraka ya kunisifu. "Mzee Hamisi, ni uadilifu, au kuna kitu unakijua?"

"Hakuna, Madam."

"Basi vizuri," Mkuu akasema. "Na alama hii iingize wewe mwenyewe, Mzee, ili kesho asiwepo mtu wa kusema tulimpendelea au tulimwonea."

Nilikwenda kwenye kompyuta. Umeme wetu hukatika mtu akibandika tu birika la chai, lakini siku ile ulikuwepo, tena mkali. Nikachagua "marudio". A ikawa C. Somo hilo lingebaki na A yake, wastani wa Zubeda ungekuwa nne kamili. Kwa C ukawa tatu nukta nne, na ufadhili ukafutika.

Alikuja dirishani mwenyewe.

"Mjomba, si ulisema nikuachie wewe?"

"Nilichelewa, mwanangu. Mashine ilikorofisha."

"Uliwaambia kwamba aliyechelewa ni wewe?"

Nikatazama tangi la maji nje. Yeye akasema, "Haya. Kwaheri, mjomba," kwa adabu ile ile ya siku zote, akaondoka.

Dada alipopona alikuja nyumbani kwangu. Hakukaa.

"Hamisi, kosa la mtoto ni nini?"

"Masharti, dada."

"Masharti ndiyo yaliyomwambia akae na mimi?"

"Hapana."

"Nani alimwambia?"

"Mimi."

"Na kwenye hicho kikao ulisema ni wewe?"

"Sikusema."

Akavuta khanga yake mabegani. "Nimenuka dagaa ujana wangu wote ili wewe uwe na mdomo mbele za watu. Ukapewa mdomo. Siku ya mwanangu ukaufunga."

Nikamwambia ada ya Zubeda nitalipa mimi mpaka amalize. Akasema hawezi kumlisha mwanawe kwa mkono ule ule uliompokonya sahani. Zubeda naye akakataa. Muhula uliofuata hakurudi.

Baada ya hapo nikapata ujasiri, wakati hauna kazi tena. Nilikwenda kwa Mkuu nikamweleza yote. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Mzee Hamisi, kwa nini hukusema siku ile? Tungeandika maalumu tukaendelea na ajenda."

"Kwa hiyo ilikuwa rahisi hivyo?"

"Siku ile, ndiyo. Sasa matokeo yamekwisha kupitishwa na bodi, na nafasi ya ufadhili amepewa mwingine. Hayafunguliwi."

Nilitaka kumtupia kiti, halafu nikakumbuka anayestahili kiti ni nani.

Nilipanda gari mpaka Mwandiga kwa Mzee Filipo. Alikuwa amezeeka, anapukuchua mahindi barazani. Nikamsimulia mwanzo mpaka mwisho. Aliendelea kupukuchua.

"Na umeme haukukatika?" akauliza.

"Haukukatika, Mzee."

"Ungeukata."

Mwaka uliofuata, Madam Yusta akashikilia sharti lile libadilishwe, na mimi ndiye niliyeandika maneno yake: aliyekosa mtihani kwa ugonjwa au kuuguza ataruhusiwa kuleta uthibitisho ndani ya wiki moja baada ya mtihani. Nilijiandaa kwa vita. Nilibeba mifano, nikakariri hoja usiku kucha. Mkuu akasoma mstari ule, akasema, "Hili halina shida," akaenda kwenye ajenda ya vyoo. Nilibaki na hoja zangu mapajani kama mtu aliyefika harusini siku ya pili. Wa kwanza kunufaika alikuwa kijana wa familia ya Kirundi iliyotulia mkoani kwetu, aliyekuwa akimuuguza bibi yake. Alinishukuru kwa mikono miwili. Sikujua niiweke wapi shukrani ile.

Nilikwenda kumwambia dada, nikidhani itampoza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe inawezekana," akasema.



Kwa hiyo, vijana wangu, mtakapokaa kwenye kiti kile, sharti lisomeni mpaka mstari wa mwisho, na alama ya ajabu msiiandike kabla hamjamuuliza mtu. Mkiwa na ndugu kwenye karatasi, semeni mnachokijua kisha mtoke nje wengine waamue. Kukaa kimya si usafi. Mimi nilisifiwa kwa ukimya, na sifa ile iliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa katibu.

Zubeda sasa ni fundi cherehani Mwanga, ana meza yake na wateja wake. Anashona vizuri, lakini darubini hakuishika tena. Alipoolewa nilialikwa kwa kadi, kama walivyoalikwa wafanyakazi wa chuo. Kwetu bibi harusi hatoki ndani kabla mjomba hajapewa kilemba chake. Kilemba kilitoka, kikapita mbele yangu, kikapewa jirani. Nikala pilau na wageni.

Siku ya kuniaga chuo kilinipa saa ya ukutani. Nikaenda nayo kwa dada jioni ile, sijui kwa nini, pengine nilitaka mtu wa kwetu aione. Alinikaribisha vizuri sana. Akanitolea kiti cha wageni, akanipa chai kwenye kikombe chenye kisosi, akauliza habari za nyumbani.

"Saa nzuri, Bwana Hamisi," akasema.

Bwana Hamisi. Dada yupo hai, anakaa mitaa michache kutoka kwangu, na hajawahi kunikosea adabu. Ila tangu ile C hajaniita tena "mdogo wangu". Zubeda alipoteza chuo. Mimi nilimpoteza dada aliyenilea, na nilimpoteza kwa kuogopa watu ambao leo hata majina yao siyakumbuki.